Mate ya Bi Zamoyoni

Nchi inayosimuliwa hapa haimo katika ramani yoyote, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kukasirika wala kutuma askari. Ilikuwa nchi ya kawaida tu, yenye mito, vilima, mji mkuu mmoja na Mtukufu mmoja. Mambo yake yalikwenda vizuri mpaka siku wataalamu walipoingia Ikulu kumweleza Mtukufu habari za sayari ya jirani.

Walimweleza kwamba sayari ile nyekundu zamani ilikuwa na hewa yake nzuri, na maji, na huenda hata viumbe. Lakini ilikuwa sayari ndogo, haina nguvu ya kushika vitu vyake. Hewa ikawa inapanda juu kidogo kidogo, upepo wa jua unaichota, inapotelea gizani, mpaka yakabaki mawe na vumbi. Mtukufu alisikiliza ameshika kidevu, kisha akauliza habari za hewa yetu. Mtaalamu mkubwa, ambaye alikuwa mtu mkweli na kwa sababu hiyo hajulikani alipo siku hizi, akajibu kwamba hata yetu huvuja, ila kidogo sana, wala haitamdhuru mtu kwa mamilioni ya miaka.

Mtukufu hakusikia hayo ya mamilioni. Alisikia kwamba hewa ya nchi inaondoka na hakuna aliyeiruhusu.

Kesho yake ikaundwa Wizara ya Kuzuia Hewa. Sufuria zote zikaamriwa kufunikwa, hata zilizo tupu. Waamuzi wa mpira wakanyang'anywa filimbi. Kwaya zikaambiwa ziimbe zikitazama chini. Na mitungi yote ya hewa iliyokuwa hospitalini ikakusanywa na kupelekwa katika Akiba ya Taifa ya Hewa, ghala lenye kuta nene na askari mlangoni. Waziri alieleza redioni kwamba mtungi ulioko wodini unamfaa mtu mmoja tu, tena mgonjwa, ilhali mtungi ulioko ghalani ni mali ya wananchi wote. Watu wakapiga makofi. Ilikuwa nchi ya watu wanaowahi kupiga makofi, wasije wakaonekana wanafikiri.

*

Miongoni mwa mitungi iliyobebwa siku hiyo ulikuwamo wa kitanda cha dirishani, wodi ya wanawake, hospitali ya Mikoroshini. Kitandani hapo alilala Bi Zamoyoni, mwanamke mkongwe kuliko wote mjini. Ujana wake wote aliumalizia kiwandani, akichambua katani, na vumbi la katani lilikuwa limemjaa kifuani likakataa kutoka. Kando yake alikaa binti yake wa mwisho, Sikudhani.

Sikudhani hakuwa mtu wa maneno. Akisemeshwa na mwenye suti alitazama miguu yake, na jibu zuri lilimjia akiwa ameshafika nyumbani. Siku walipokuja kuchukua mtungi alisimama, akafungua mdomo, na watu wale wakamshukuru kwa ushirikiano. Tangu hapo kazi yake ikawa kumpepea mama yake kwa kifuniko cha boksi, huku akiitazama midomo yake ikigeuka rangi ya zambarau.

Haukupita muda akaja Mkaguzi wa Pumzi. Alisikiliza kila kitanda, akasimama kwa Bi Zamoyoni, akasikitika. Alisema bibi huyu anavuta kwa sauti kubwa na kwa pupa, na kwamba wagonjwa wenzake wanaridhika na kidogo.

"Baba," Bi Zamoyoni akamwambia, akipumzika katikati ya maneno, "ningekuwa naipata, nisingeitafuta kwa kelele hivi."

Mkaguzi akamwonya kwa mara ya kwanza na ya mwisho, akaenda zake. Nesi Mwajabu, aliyekuwa na moyo mzuri na hana kitu kingine cha kutoa, akaleta mto wa pili.

*

Wakati huohuo serikali ilikuwa inajenga Chombo. Chombo hicho kilikuwa kiende sayari ya jirani kuchunguza hewa yake ilipitia wapi, ili njia hiyo ya kwetu izibwe mapema.

Lakini kulikuwa na sheria ya mataifa. Inasema kwamba chombo kiendacho sayari nyingine lazima kiwe safi, kisibebe hata kijidudu kimoja, maana mtu asiyenawa anaweza kwenda mbali sana kutafuta viumbe, akakuta uchafu wa mikono yake mwenyewe. Sheria nzuri, na serikali iliitia sahihi kwa furaha.

Na kulikuwa na mila. Katika nchi ile hakuna kinachosafiri bila kutemewa mate. Anayetoka hupiga goti, na mkongwe kuliko wote mjini humtemea kidogo kwenye paji la uso na kumwambia, nenda urudi. Hutemewa bwana harusi, hutemewa lori jipya kwenye boneti, na Mtukufu mwenyewe akienda ng'ambo kutibiwa meno hutemewa mbele ya bendi ya polisi. Basi la shirika lililowahi kuondoka bila kutemewa liliingia mtoni, na tangu hapo hakuna aliyethubutu.

Suala likapelekwa kwa Kamati ya Usafi wa Safari, chini ya Katibu wake, Bwana Lukwaro, mtu mwembamba aliyevaa glavu hata akila. Kamati ilikaa muda mrefu na ikanywa soda nyingi. Wengine walitaka mila iachwe, wakaitwa wasaliti. Wengine walitaka sheria iachwe, wakakumbushwa kwamba mataifa ndiyo yaliyotoa misumari ya kujengea Chombo. Mjumbe mmoja alishauri mate yachemshwe kwanza. Akaulizwa mate yaliyochemshwa yanabariki nini, akakaa chini.

Mwishoni wakapata njia ya hekima. Chombo kitatemewa, na sheria haitavunjwa, kwa kuwa atakayesafishwa ni mtemaji. Atafutwe mkongwe kuliko wote, asafishwe ndani na nje mpaka mdomo wake usiwe na kijidudu, ndipo ateme.

Bwana Lukwaro akaja Mikoroshini na barakoa mbili usoni. Alimhutubia Bi Zamoyoni kana kwamba wodi nzima ni uwanja wa mpira, akataja taifa, historia na vizazi vijavyo. Bi Zamoyoni alimwacha amalize.

"Huko mnakonipeleka kuna hewa?"

Bwana Lukwaro aliona kama ametukanwa. Alieleza kwamba hewa ya Chumba Safi huchujwa mara nyingi, hupulizwa usiku na mchana, na huongezewa mitungi kutoka Akiba kwa kibali maalumu cha Mtukufu.

"Basi nipelekeni," bibi akasema. "Mkitaka nikitemee chombo, nitakitemea. Mkitaka niwatemee na nyinyi, nitawatemea."

*

Chumba Safi kilikuwa na ukuta mmoja wa kioo. Sikudhani, ambaye hakuwa msafi wa kiwango hicho, alipewa kigoda upande wa nje na simu ya ukutani ya kuongea na mama yake.

Katika kigoda hicho aliona jambo ambalo alikuwa ameshakata tamaa kuliona. Midomo ya mama yake ilirudi rangi. Bi Zamoyoni akaanza kulala chali kama watu wengine. Akaanza kula, na kulalamika juu ya chakula, na kuimba nyimbo za kiwandani zenye maneno ambayo wataalamu walijifanya hawayaelewi. Alimuuliza Bwana Lukwaro kwenye simu kama ameoa, na alipojibiwa bado, akamwambia avue glavu kwanza.

Kila asubuhi mtaalamu alimfuta Bi Zamoyoni ulimi kwa kijiti chenye pamba, akapeleka kijiti maabara, akatazama. Kila asubuhi alikuta vijidudu. Kamati ikahuzunika na safari ikaahirishwa. Walimsukutua kwa chumvi, wakamsukutua kwa spiriti, wakamsukutua kwa dawa ya bluu ambayo ilitoboa beseni. Vijidudu vilikuwapo vilevile, vimetulia. Bwana Lukwaro alisema hajawahi kuona utovu wa nidhamu wa namna ile.

Sikudhani akaanza kuelewa. Mdomo wa mama yake ukiwa mchafu, Chombo hakiondoki. Chombo kisipoondoka, mama yake anapumua. Basi yeye aliyelelewa kunawa kabla na baada ya kula, yeye aliyekuwa akifua shuka za wodi kwa hiari yake, akawa anakaa nje ya maabara kila asubuhi, mikono ameifumbata, akimwomba Mungu uchafu. Mtaalamu akitoka anatikisa kichwa, Sikudhani alipata nguvu ya kunywa chai.

Ilimtia aibu, akamweleza mama yake kwenye simu. Bi Zamoyoni alicheka mpaka kioo kikaingia ukungu, na hakukohoa hata mara moja.

"Mwanangu, wadudu hao nimekaa nao tangu naota meno mpaka nimeyang'oa. Baba yako aliondoka, wao hawakuondoka. Wataniacha leo kwa ajili ya spiriti?"

Lakini Sikudhani hakutaka kutegemea wadudu peke yao. Siku moja alijikaza, akamngoja Bwana Lukwaro mlangoni, akatazama viatu vyake na kumuuliza kama safari ikiisha mama yake anaweza kubaki mle ndani. Akajibiwa kwa upole kwamba chumba ni cha safari, si cha wagonjwa, na kumweka humo mgonjwa kungekuwa matumizi mabaya ya mali ya umma. Akauliza basi kama anaweza kupata mtungi mmoja tu wa kurudi nao.

Bwana Lukwaro alimweleza utaratibu. Mitungi ya Akiba hutolewa kukiwa na dharura. Dharura hutangazwa hewa ikiisha. Na maadamu Akiba imejaa, hewa haijaisha.

Sikudhani alimshukuru. Jibu lilimjia alipofika nyumbani, lakini kule nyumbani hakukuwa na wa kumwambia.

*

Ikakaribia Siku ya Mtukufu, ambayo ndiyo siku aliyozaliwa, aliyoingia madarakani na aliyoshinda vita, kwa kuwa alikuwa mtu asiyependa kupoteza wakati. Ikulu ikauliza kama Chombo kitapaa siku hiyo. Swali hilo halikuwa na majibu mawili.

Kamati ikakutana na kuyapigia kura mate ya Bi Zamoyoni. Yalipita kwa kauli moja. Ilitangazwa kwamba mdomo wa bibi sasa hauna kijidudu hata kimoja, na kwamba vitu vidogo vinavyoendelea kutembeatembea humo ni unyevu. Mtaalamu wa pamba aliambiwa akasafishe miwani. Sikudhani alikuwa nje ya maabara kama kawaida, mtaalamu akatoka, na safari hii hakutikisa kichwa. Alimpita tu bila kumtazama.

Siku ya sherehe Bi Zamoyoni alisukumwa uwanjani kwenye kiti cha magurudumu, amevishwa nailoni mwili mzima, mdomo tu umeachwa wazi. Bendi ilipiga. Mtukufu alihutubia, akasema kuna sayari zilizopoteza hewa kwa sababu ya uongozi dhaifu. Kisha akaashiria. Bi Zamoyoni akajivuta mbele, akavuta pumzi ndefu, nzuri, ya mwisho katika zile za Chumba Safi, akatema. Hakutema kidogo kama mila inavyotaka. Alitema kama mtu aliyesukutuliwa kwa dawa ya bluu.

"Nenda urudi," akakiambia Chombo.

Kikapaa kwa kishindo. Watu walipiga makofi huku wamefunga macho kwa moshi. Baadaye fundi mmoja alimnong'oneza Nesi Mwajabu kwamba moto wa Chombo haukuwaka kwa petroli tupu, ulihitaji hewa nyingi, na hewa nyingi ilikuwa mahali pamoja tu nchini. Ghala lilikuwa limebaki na askari na kufuli.

Sikudhani alipopata habari hiyo alimkimbilia Bwana Lukwaro, na kwa mara ya kwanza maishani mwake jibu lilikuwa tayari mdomoni. Alimwambia Akiba imekwisha, kwa hiyo hiyo ni dharura, watafute mitungi popote. Bwana Lukwaro alitazama nyuma yake, akamvuta pembeni. Alikiri kwamba kama Akiba imekwisha, hiyo ni dharura kweli. Lakini kwisha kwa Akiba ni siri ya taifa, na siri haitangazwi.

*

Chombo kilifika Alhamisi. Wapo waliosema sayari ile ni mbali sana, lakini magazeti ya Alhamisi yalikuwa na nafasi.

Ijumaa yake habari ikatangazwa kwa ngoma. Chombo kimeona uhai! Juu ya mawe ya sayari iliyokufa, mahali pasipo na hewa wala maji, kumeonekana viumbe vidogo sana, vya duara, vimetulia. Mtukufu alipewa cheo cha Baba wa Viumbe. Ilikuwa sikukuu, na watu walicheza wakitazama chini.

Wakati huo Bi Zamoyoni alikuwa amerudishwa kitanda cha dirishani, na midomo yake imerudi zambarau. Alisikiliza redio ya jirani mpaka mwisho, amekaa wima, mikono imeshika ukingo wa kitanda. Akamwambia Sikudhani, neno moja moja, kwamba viumbe vile anavifahamu.

"Ni vyangu. Vimeweza... kuishi bila hewa. Vimenishinda mimi... mama yao."

Hakuwa peke yake kuvifahamu. Mataifa yalichukua picha za Chombo, yakazitazama, yakaandika kwamba viumbe hivyo ni vya aina inayokaa katika mdomo wa binadamu mzee asiye na magego. Yakasema sayari imechafuliwa, na kwamba hakuna atakayejua tena kama pale palikuwa na chochote kabla ya mate. Yakataka aliyehusika afike mbele ya baraza lao ng'ambo.

Serikali haikubabaika. Ilijibu kwamba hakuna aliyetema. Yakatumwa majibu kwamba zipo picha za bibi akitema. Serikali ikajibu kwamba hakuna bibi.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda haraka, maana kazi ya kuondoa hufanywa vizuri kuliko nyingine zote. Picha za sherehe zikakatwa, kikabaki kiti cha magurudumu kitupu kikisukumwa kwa heshima kuelekea kwenye Chombo. Nesi Mwajabu akaambiwa aeleze kwa nini ameweka mito miwili kwenye kitanda kisicho na mtu. Alilia akimsaidia Sikudhani kumbeba mama yake mpaka nje. Alisema angempa hata mto mmoja, lakini mito ilikuwa imeshahesabiwa kuwa haijatumika.

*

Nyumbani hapakuwa na cha kumwegemeza. Ukuta ulimuumiza Bi Zamoyoni, akilala anazama. Basi Sikudhani aliketi mkekani, mgongo wake ukauegemea mgongo wa mama yake, wakakaa hivyo kama watu wawili waliogombana. Kila pumzi ya mama yake aliipokea mgongoni. Ilipanda kwa shida, ikakwaruza, ikashuka. Alijikuta naye anavuta pamoja naye, kana kwamba angeweza kumvutia.

Mlango ukagongwa. Sikudhani hakuweza kuinuka, kwa kuwa akiinuka mama yake angeanguka, akaitikia palepale. Aliyeingia alikuwa Bwana Lukwaro.

Alikuwa amevaa suti mpya. Hakuwa na barakoa, wala glavu, na mikono yake ilikuwa myeupe na midogo kama ya mtu mwingine. Aliomba radhi kwa kuingia na viatu. Kwanza alitekeleza aliyotumwa. Alisema serikali inaomba, kwa heshima zote, kwamba sauti ya upumuaji inayotoka katika nyumba hii ipunguzwe, kwa kuwa inasikika barabarani, na wapita njia wanaweza kudhani kuna mtu.

Sikudhani akamwomba mtungi. Hakutazama viatu. Alimtazama usoni.

"Nikiandika kibali," Bwana Lukwaro akauliza, na sauti yake ilikuwa ya chini sana, "niandike ni wa nani?"

Gari lilikuwa linanguruma nje. Bwana Lukwaro hakuondoka. Alizungukazunguka kidogo, kisha akasema kilichomleta hasa. Anakwenda ng'ambo jioni hiyo. Yeye ndiye aliyechaguliwa kusimama mbele ya baraza la mataifa na kuapa kwamba hakuna bibi aliyetema, wala hajapata kuwapo. Ni safari ndefu, ya ndege, na juu ya maji. Mama yake mzazi ameshafariki, na mjini hakuna mkongwe mwingine aliyemzidi huyu. Hawezi kuondoka hivihivi, hajatemewa. Anaogopa.

Akapiga goti mkekani mbele ya Bi Zamoyoni, na suti yake mpya, akatoa paji la uso, akafumba macho.

Sikudhani hakuuona uso wa mama yake, lakini aliusikia mgongo wake ukijikusanya, kama alivyokuwa akifanya kiwandani kabla ya kuinua robota la katani. Bibi alikuwa hajapata kumnyima msafiri. Alivuta. Ikapanda kidogo, ikakwama. Akapumzika, akavuta tena, midomo ikakutana, ikatafuta mate, na hakukuwa na hewa ya kuyatoa. Sikudhani naye alivuta, kwa nguvu zake zote, mpaka mbavu zikamuuma. Akangoja mgongoni kwake.

Akaendelea kungoja. Nje dereva akapiga honi.

Uzito uliokuwa nyuma yake ukabadilika, ukawa wote wake. Sikudhani alibaki wima, hakusogea, kwa maana akisogea ingekuwa kweli. Hakujua amwambie nani. Kwa mujibu wa serikali hapakuwa na kilichotokea, wala aliyetokewa.

Bwana Lukwaro alikuwa bado amepiga goti, macho ameyafumba, paji la uso ameliinua.

"Nipo, bibi," akasema taratibu. "Usijiharakishe. Nasubiri."